Dada Mita na Samaki Namba 0417

Ndugu na jamaa, majirani, na ninyi wenzake wa idara ya maji mliokuja na sare zenu, ninayesimama mbele yenu ni mdogo wake marehemu, niliyemfuata kuzaliwa, mwalimu mstaafu wa sayansi, ambaye marehemu mwenyewe alinibandika jina la Haiwezekani, na nadhani nusu yenu hapa hamnijui kwa jina jingine. Familia ilitaka binti yake ndiye asome, maana ana sauti nzuri na halii ovyo, lakini marehemu aliacha agizo kwa mwandiko wake kwamba nisome mimi, tena nisiruke kitu. Kuna neno niliapa mbele ya watu kwamba nitalisema siku moja, nikalikwepa miaka kumi na moja, na leo nitalisema, ila litasubiri zamu yake, kwa kuwa historia ya mtu huanza na kuzaliwa.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba ya wazazi wetu iliyokuwa nyuma ya ghala la saruji, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu, wa pili nikiwa mimi, na wa tatu akiwa mdogo wetu aliyetutangulia utotoni. Mama yetu alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alianza kuuliza kabla hajajua kuongea, kwa kunyoosha kidole na kununa mpaka aambiwe kitu ni nini, na kwamba mimi nilipozaliwa miaka minne baadaye alininyooshea kidole vilevile, akaambiwa ni mdogo wako, akauliza wa kazi gani.

Alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1963, akamaliza elimu ya msingi mwaka 1969, na katika miaka hiyo alirudishwa nyumbani mara moja tu, akiwa darasa la tano, si kwa utoro wala ugomvi, bali kwa swali. Mwalimu alikuwa akifundisha kwamba maji siku zote huteremka, yeye akanyoosha mkono akauliza kama maji yanateremka na samaki wako ndani ya maji, mbona samaki hawajaisha huko juu, mwalimu akamwambia akae, akakaa, akanyoosha tena mkono akiwa amekaa, mpaka akaambiwa akamlete mzazi. Baba alikwenda, akasikiliza, akarudi akituambia kwamba na yeye angependa kujua.

Alihitimu sekondari mwaka 1973, akasomea ufundi wa mita za maji kwa miaka miwili na nusu, na tarehe 1 Julai 1976 aliajiriwa na idara ya maji katika karakana ya mita, chumba kirefu chenye madirisha ya chuma na meza ya zinki iliyojaa mita zilizofunguliwa matumbo, akiwa mwanamke pekee mle ndani. Walimwita Dada Mita, kwanza kwa kumtania, baadaye kwa heshima, maana alikuwa na mkono mwepesi wa kushika vitu vidogo, na mita aliyoifunga yeye ilikuwa haisemi uongo hata tone.

Sasa niwaambie ile fimbo ilivyoingia katika ukoo wetu. Mwezi Juni 1981, katika kuhesabu vifaa vya stoo, marehemu alikuta kwenye orodha mstari ulioandikwa "Fimbo ndefu, kazi yake haijulikani, moja", na fimbo yenyewe ikiwa juu ya rafu, imeachwa na mhandisi mmoja mgeni aliyemaliza mkataba wake, pamoja na gurudumu la kukunjia mshipi na kikasha cha bati kilichojaa wadudu wa manyoya waliofungwa kwenye ndoano. Mtu mwingine angeweka alama ya tiki akaendelea na koleo na spana, lakini mwamjua dada yangu, yeye alilichukua neno "haijulikani" kama mtu aliyetukanwa. Aliuliza wiki nzima, mtunza stoo akasema ni ya kuzibulia mabomba, dereva akasema ni ya kushikia mawimbi ya redio, na mimi alipokuja kuniuliza nilisema ni ya kuvulia samaki lakini haiwezekani kuvua nayo, kwa sababu mshipi wake ni mnene kama kamba ya viatu, hauna kipande cha risasi cha kuuzamisha, na mdudu mwenyewe ni mwepesi hata akitupwa hafiki popote.

Alikaa uani mwa karakana kila saa ya mapumziko akiitupa, mwezi na zaidi, mpaka akagundua mwenyewe, bila kitabu wala mwalimu, kwamba kinachotupwa si mdudu, kinachotupwa ni ule mshipi, uzito uko kwenye mshipi, nao ukirushwa nyuma, ukasubiriwa unyooke, kisha ukaletwa mbele, humpeleka mdudu taratibu na kumlaza juu ya maji. Kule kusubiri unyooke ndiko kulikomshinda kila mtu aliyejaribu, mimi nikiwa wa kwanza, na ndiko kulikompatia mume, kwa kuwa tarehe 4 Septemba mwaka huohuo fundi seremala aliyekuwa juu ya ngazi nyuma yake akitengeneza fremu ya dirisha alinaswa kola ya shati, na badala ya kufoka akauliza kwa upole, "Dada, unavua nini huku juu?" Walifunga ndoa tarehe 23 Aprili 1983, na shemeji yangu huyu aliyeketi hapa mbele amekuwa akisema miaka yote arobaini kwamba katika wote walionaswa na yule mama, ni yeye peke yake ambaye hakuachiwa.

Maana samaki wote aliwaachia. Hili liliwatesa watu wengi kuliko mnavyodhani, mtu anatoka alfajiri, anasimama mtoni maji yakimfika magotini hadi saa sita, anarudi na ndoo tupu, na mama yetu alifika mahali pa kumwuliza shemeji faraghani kama ana hakika mkewe anakwenda mtoni. Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza binti aliyezaliwa tarehe 11 Februari 1984, ambaye leo ni mkunga, na wa pili kijana aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 1987, ambaye ni mpima ardhi, na wote wawili walikua wakijua kwamba Jumamosi ya kwanza ya mwezi mama yuko baharini, Jumamosi ya tatu yuko mtoni, na kwamba nyumbani samaki hununuliwa sokoni kama kwa watu wengine.

Nzi wa bandia alikuwa akiwafunga mwenyewe, mezani karakanani, kwa kibano kilekile cha kufungulia mita, akitumia uzi wa cherehani, karatasi inayong'aa ya biskuti, na manyoya ya mkia wa jogoo wa jirani, na hapa nachukua nafasi kumwambia jirani yetu, uliyehangaika kwa muda mrefu ukidhani jogoo wako ana ugonjwa wa kunyonyoka, pole sana, jogoo alikuwa mzima. Baharini alitumia nzi weupe warefu, waliokwenda majini kama visamaki vidogo. Mtoni kulikuwa na samaki aina ya mkizi waliomshinda miaka sita, anawaona wako kundi zima chini ya daraja la kituo cha pampu, anawapitishia kila aina ya nzi, hawageuki hata kutazama, mpaka siku moja akaacha fimbo, akalala kifudifudi juu ya daraja na sare yake ya kazi, akawaangalia tu, akaona kwamba wale samaki hawali nzi kabisa, wanalamba ule ute wa kijani ulioota juu ya mawe. Akaja kwangu kunisalimia, akakaa, akanywa chai, akaondoka, na jioni nikagundua kwamba sweta langu la kijani la kuvalia kazini limefumuliwa upindo wote wa chini. Jumamosi iliyofuata alivua mkizi wanne kwa sufu ya sweta langu, na tangu hapo nilivaa sweta fupi.

Basi hapo ndipo lilipoanza lile swali lililotugombanisha. Mkizi aliowavua mtoni, na mkizi aliowavua baharini, aliwaona ni wamoja, akaniuliza mimi mwalimu wa sayansi kama si haohao wanaoteremka na kupanda. Nilimjibu alivyozoea nimjibu. Nilikuwa nimefundisha miaka ishirini na tano kwamba wa maji baridi ni wa maji baridi na wa chumvi ni wa chumvi, ukimhamisha anakufa, nilikuwa na mchoro wake ukutani, na sikuwa tayari kuufuta kwa ajili ya fundi mita. Yeye hakubishana, ubishi ulikuwa kazi yangu. Mwezi Mei 2008 aliomba ofisini zile sili zilizotupwa kwa kuwa ziliagizwa rangi isiyotakiwa, sili nikimaanisha kile kifungo kidogo cha plastiki chenye namba ambacho idara hufunga kwenye mita kwa waya mwembamba ili mtu asiichezee, akaanza kuwafunga nazo samaki, kwenye shina la mkia, kila samaki na namba yake, kila namba na mstari wake daftarini, tarehe, mahali, urefu, nzi aliyetumika, na safu ya mwisho iliyoandikwa "Alivyoondoka", ambamo aliandika "vizuri", au "kwa hasira", au "hakuaga".

Tarehe 18 Desemba 2010, siku ya harusi ya mpwa wangu, mimi nikiwa nimeshika kipaza sauti kama mjomba, nilisahau bibi harusi nikaanza kumtania mama yake, nikawaambia wageni kwamba dada yangu anafungia samaki mita ili awapelekee bili, watu wakacheka mpaka wengine wakainama. Na kwa kuwa kicheko ni kitamu nikaongeza kiapo, kwamba siku samaki wa mtoni atakapoonekana baharini, nitasimama mbele ya watu haohao niseme dada alikuwa sahihi na mwalimu hajui kitu. Dada hakukasirika, alicheka pamoja nao, akaniambia tu, "Sawa, Haiwezekani, nimekusikia."

Samaki namba 0417 alivuliwa mtoni chini ya daraja tarehe 19 Februari 2011, kwa nzi wa sufu ya kijani, akiwa na urefu wa sentimita thelathini na moja, akaondoka vizuri. Tarehe 12 Aprili 2012 niliwapeleka wanafunzi wangu baharini kujifunza viumbe vya maji ya chumvi, nikawafundisha yale yale ya mchoroni, na wakati wa kurudi nikanunua mkizi mmoja mkubwa kwa muuza samaki, ana kitu kama mwani kimemzonga mkiani. Nyumbani nilikuwa peke yangu, mke wangu alikuwa safarini. Nikamkwangua magamba, nikaukwangua na ule mwani, haukutoka, nikausugua kwa kidole gumba chini ya bomba, nikaona sifuri, nikaona nne, nikaona moja, na saba.

Ndugu zangu, nilikaa juu ya ndoo. Ningeweza kupiga simu, simu ilikuwa mfukoni, dada angefika kwa miguu kabla sijanawa mikono. Badala yake nilikata ule waya kwa mkasi, nikatia sili kwenye kasha la chaki, nikamkaanga samaki, nikamla wote, nikazika mifupa. Nilijiambia nitamweleza wiki ijayo, wiki ijayo ikazaa wiki nyingine, na kila ilipopita ilikuwa aibu zaidi kueleza kwa nini sikueleza. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini yangu ilikuwa na miaka kumi na moja, na katika miaka yote hiyo, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mvua au jua, dada yangu alikuwa amesimama baharini na shemeji ameketi kwenye mchanga na chupa ya chai, anavua, anageuza mkia, anatazama, anaachia. Wavuvi wa nyavu walimwita Mama Samahani, kwa sababu walidhani anawaomba samaki radhi. Mimi nilikuwa nikimwuliza Jumapili, vipi, umempata, naye akisema bado, nami nikisema si nilikuambia. Nilikuwa nasema hivyo huku najua.

Alistaafu kwa heshima tarehe 14 Machi 2016, siku aliyotimiza miaka sitini, na wenzake wa karakana wakamzawadia mita mpya, aliyoifunga kwenye bomba la jikoni kwake akawa anaisoma kila asubuhi. Mwezi Novemba 2022 alianza kuumwa tumbo na kupungua mwili, tarehe 9 Januari 2023 akagunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa akiwa nyumbani, na tarehe 8 Mei alilazwa hospitali kuu, wodi namba tano, kitanda cha dirishani, ambako aliwauliza madaktari maswali mengi hata mmoja wao akawa anakuja na kalamu.

Jumapili tarehe 21 Mei nilikwenda na lile kasha la chaki. Nilimwekea sili mkononi, akaisogeza machoni, akaisoma, akaniuliza nimeipata wapi na lini, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi. Akasema, "Toka." Nikatoka. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini kama mwanafunzi anayesubiri viboko, nikalia, sioni haya kusema nililia, na baada ya kama nusu saa muuguzi akachungulia mlangoni akaniambia mgonjwa anauliza samaki alikuwa na urefu gani.

Nikarudi ndani nikamwambia sikumpima. Akafumba macho kwa uchungu, na nawaambieni kweli, hilo lilimuuma kuliko kuliwa kwa samaki. Akauliza, "Ulimkaanga kwenye nini?" Nikasema kile kikaango kikubwa. "Alienea?" Nikasema mkia ulizidi nje ukaungua. "Ulizidi kiasi gani?" Nikamwonyesha vidole vitatu. Akasema, "Kalete." Nilikwenda nyumbani nikarudi na kikaango, mlinzi wa getini akaniambia mzee hapa hatupiki wodini, nikamwambia ni cha vipimo, akanipisha kwa huruma, nadhani alifikiri nimechanganyikiwa kwa majonzi. Dada alitoa futi kamba chini ya mto, akapima kikaango sentimita thelathini na nane, akanishika mkono akapima vidole vyangu vitatu sentimita tano, akajumlisha, akaandika daftarini, na uso wake ukafunguka kama zamani, akamwita muuguzi akamwambia, "Amekua! Sentimita kumi na mbili! Huko chini wanakula vizuri."

Nilipomwomba msamaha alikunja kwanza ile futi kamba. Kisha akasema, bila ukali, "Siyo kwamba umenidanganya. Umeninyima miaka kumi na moja ya swali jingine." Nikamwuliza swali gani, akasema kama wanateremka, je, wanarudi. Akasema amenisamehe, lakini ile ahadi ya harusini ni ya watu, yeye hawezi kuisamehe kwa niaba yao, kwa hiyo nitaitimiza, na kwa kuwa hatakuwepo kusikia, nisome polepole.

Marehemu aliaga dunia Jumamosi tarehe 3 Juni 2023, saa kumi na moja na robo alfajiri, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mumewe akiwa kando yake na chupa ya chai. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na mdogo mmoja.

Sasa nasoma ule mstari kama alivyouandika. "Namba 0417. Tarehe 12 Aprili 2012. Baharini. Urefu sentimita 43, kwa kikaango. Nzi aliyetumika, hakuna. Alivyoondoka, ameliwa na mdogo wangu." Na mimi, mbele ya watu mliokuwepo harusini na ambao hamkuwepo, nasema kama nilivyoapa, dada alikuwa sahihi, na mwalimu hakujua kitu. Wanafunzi wangu mliopo hapa, futeni ule mchoro.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, hasa yule aliyenichungulia mlangoni, mlinzi wa getini, majirani kwa chakula na mikeka, jirani mwenye jogoo kwa uvumilivu, na wenzake wa idara ya maji kwa jeneza, kwa usafiri, na kwa sili. Shemeji amenikabidhi fimbo, na ananifundisha kusubiri mshipi unyooke, ingawa anasema nina haraka ya kijinga. Daftari lina mamia ya samaki ambao hawajulikani waliko, namba zao zimebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa idara, na yeyote atakayekutana na mmoja wao, awe mtoni au baharini, namwomba aniite kabla ya kuwasha jiko.

Pumzika kwa amani, dada, Jumamosi ya tatu niko chini ya daraja na lile sweta, na akirudi mmoja, nitampima kwanza.